Jibu kwa Mwalimu wa Tanga: Je, Kumwaga Damu Kwaweza Kuwa Ibada kwa Wahindu?

Mwalimu mmoja wa sekondari wa Tanga ameniandikia kwamba amekulia mtaa mmoja na familia za Kihindu ambazo hazili nyama wala mayai, na ambazo watoto wao walikatazwa hata kuponda siafu waliopita uani. Hivi karibuni akasoma habari za baba aliyemchinja mwanawe wa pekee na kumpika mchuzi kwa ajili ya mgeni, kisha baba huyo akahesabiwa miongoni mwa watakatifu. Anauliza kama kweli hadithi hiyo imo katika maandiko ya Kihindu, au imetungwa na watu wenye chuki. Na kama imo, dini inayohimiza kutodhuru kiumbe inawezaje kukiita kitendo cha namna hiyo ibada?

Mwalimu, hadithi hiyo imo, wala haikufichwa pembeni. Inapatikana katika Periya Puranam, kitabu kitukufu cha Watamil, watu wa kusini mwa India, wanaomwabudu mungu Shiva, na huyo baba anaitwa Siruthondar, jina lenye maana ya "mtumishi mdogo". Sanamu yake husimama pamoja na za wenzake 62, zimepangwa safu moja katika mahekalu makubwa ya Shiva kusini mwa India, na waumini hupita mbele yake wakiwa wameunganisha viganja kifuani.

Kwanza niseme neno juu ya majirani zako, kwa sababu mshangao wako unaanzia kwao. Wahindu ambao pwani yetu imewajua tangu zamani, wale ambao wazee waliwaita Mabaniani, walitoka kwa sehemu kubwa Kutch na Gujarat, magharibi mwa India, na wengi wao walikuwa wafuasi wa mungu Vishnu, hasa kwa sura yake ya Krishna, katika madhehebu ambayo kujiepusha na nyama ni sharti la usafi. Tena watu wa Gujarat wameishi karne nyingi jirani na Wajaini, ambao kwao ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe chochote chenye uhai, ndiyo sheria iliyo juu ya sheria zote. Hao majirani ni Wahindu wa kweli, lakini kuupima Uhindu wote kwa duka la Baniani ni sawa na kuupima Ukristo wote kwa parokia moja. Siruthondar ni mtu wa nchi nyingine, lugha nyingine, na mungu mwenye tabia nyingine kabisa.

Periya Puranam, maana yake "Purana Kubwa" (Purana ni kitabu cha masimulizi matakatifu ya kale), ni utenzi wa Kitamil wenye beti zaidi ya 4,200, uliotungwa na Sekkizhar, waziri wa ufalme wa Chola, zamani za mfalme Kulottunga wa Pili aliyetawala kati ya 1133 na 1150. Unasimulia maisha ya watakatifu 63 wa Shiva, wanaoitwa Nayanmar: wafalme, makuhani, mvuvi, mfinyanzi, dobi, mkamua mafuta, na wanawake wachache. Mapokeo yanasema mfalme alikuwa amenogewa na utenzi wa Kijaini, Jivaka Chintamani, uliojaa mapenzi na harusi za shujaa wake, na waziri akaona ni aibu mfalme mfuasi wa Shiva kuburudika kwa kazi ya wapinzani wa dini yake. Ndipo akaenda hekalu la Chidambaram, akaanza kutunga kitabu ambacho ndani yake mapenzi yangekuwa makali kuliko yale ya mahaba ya ikulu. Habari hiyo inaeleza mengi. Sekkizhar hakuwa mtu wa porini asiyejua ahimsa. Alikuwa akiandika mbele ya watu ambao ahimsa ilikuwa ndiyo fahari yao, na alijua wazi kwamba angewashtua.

Siruthondar, kabla ya kuitwa hivyo, alikuwa jemadari Paranjothi, aliyeongoza majeshi ya mfalme wa Pallava kuubomoa mji wa Vatapi, ambao leo unaitwa Badami, katika jimbo la Karnataka. Kuanguka kwa Vatapi ni tukio la kihistoria, la mwaka 642 hivi. Mfalme alipogundua kwamba jemadari wake ni mja wa Shiva, aliona haya kumtumia vitani, akampa mali na kumruhusu arudi kwao Tiruchengattangudi. Huko akajiwekea desturi moja tu: hali chakula siku yoyote kabla ya kumlisha kwanza mja mmoja wa Shiva.

Siku moja Shiva akaja kwa sura ya mtawa wa kuogofya, wa wale wanaomfuata Bhairava, sura ya kutisha ya Shiva. Siruthondar hakuwapo, na mtawa akakataa kuingia nyumba yenye wanawake peke yao; akaenda kungoja chini ya mti karibu na hekalu. Siruthondar alipomfuata huko, mtawa akamwambia kwamba hataweza kumlisha, kwa kuwa yeye hula mara moja kila miezi sita, na chakula chake ni mnyama. Jemadari akafurahi, akasema ana ng'ombe, nyati na mbuzi. Mtawa akamjibu kwamba mnyama wake ni binadamu: mtoto wa kiume wa miaka mitano, asiye na kasoro mwilini, mwana wa pekee wa watu wema, baba amkate na mama amshike, wote wawili wakiwa na furaha, kisha apikwe mchuzi.

Tazama anavyoandika Sekkizhar kuanzia hapo. Haruki kitu. Mume na mke wanazungumza nyumbani kwa sauti ya watu wanaopanga karamu, wanakubaliana kwamba hakuna mzazi mwingine atakayekubali, basi mtoto ni wao. Baba anakwenda kumchukua shuleni. Mtoto anamrukia, anabebwa begani. Mama anamwogesha, anamchana nywele, anampamba. Kisha mama anamshika miguu, baba anashika kichwa, na mtoto anacheka, kwa sababu anawaona wazazi wake wana furaha. Kisu kinapita. Kichwa wanaona hakifai kwa mchuzi wa mgeni, wanampa mtumishi wa kike akiondoe, na mama anaanza kupika. Mgeni anapokaa kula, anauliza kama viungo vyote vimo; anapoambiwa kichwa kimeachwa, anasema hicho nacho hukila, na hapo yule mtumishi anatokea nacho kikiwa kimepikwa tayari, kwa kuwa alihisi huenda kitatakiwa. Kisha mgeni hataki kula peke yake. Anatafutwa mja mwingine wa Shiva wa kula naye, hapatikani, Siruthondar anaketi yeye mwenyewe na kutia mkono sahanini. Mgeni anamzuia: "Mimi nimekaa miezi sita bila kula, wewe hula kila siku; haraka ya nini? Mwite mwanao tule naye."

Baba anajibu kwamba mtoto hafai kitu kwa sasa. Mgeni anashikilia. Basi mume na mke wanatoka nje ya mlango na kumwita kwa jina mtoto ambaye nyama yake imo sufuriani, na mtoto anakuja mbio kama anayetoka shule. Wanamkumbatia, wanarudi ndani, mtawa hayupo, mchuzi haupo. Shiva anawatokea pamoja na mkewe Parvati na mwana wao Murugan, na anawachukua wote kwake, pamoja na yule mtumishi.

Msomaji wa kwetu, Mwislamu au Mkristo, atamkumbuka Ibrahimu mara moja. Ulinganisho huo unasaidia kwa sababu ya pale unapokatikia. Ibrahimu anaamriwa na Mungu anayemjua. Siruthondar anaombwa na mgeni asiyemjua. Kisu cha Ibrahimu kinazuiwa. Cha Siruthondar hakizuiwi na mtu. Na sharti gumu kuliko yote katika hadithi ya Kitamil ni furaha. Machozi ya mzazi yangeiharibu sadaka nzima, kwa kuwa mja anayelia bado anagawanya: hiki chako, hiki changu. Siruthondar hana tena kilicho chake, na hilo ndilo mshairi anataka tulione, hata kama tumbo linatugeuka tunapolitazama.

Furaha hiyo ya mama haikuanzia kwenye dini. Karne nyingi kabla ya Sekkizhar kulikuwa na mashairi ya vita ya Kitamil, yaliyokusanywa katika diwani ya mashairi 400 iitwayo Purananuru. Shairi la 278 linamsimulia mama mzee, mikono imekonda na mishipa imemtoka, aliyeambiwa kwamba mwanawe alikimbia vitani. Akaapa kwamba kama ni kweli atayakata matiti yaliyomnyonyesha, akachukua upanga, akaenda kupindua maiti uwanjani, na alipomkuta mwanawe amekatwa vipande vipande akafurahi kuliko siku aliyomzaa. Huyo ndiye nyanya wa mama aliyeshika miguu ya mtoto nyumbani kwa Siruthondar. Washairi wa Shiva walichukua uaminifu wa askari kwa mfalme wake, pamoja na damu yake yote, wakampa Mungu. Kwa hiyo ukiona panga nyingi katika Periya Puranam, usitafute sababu kwenye hekalu peke yake. Uwanja wa vita wa mashujaa wa kale nao umo ndani yake.

Watamil wenyewe wana neno kwa jambo hili. Upendo ni anpu. Na upendo wa aina hii wanauita vannanpu, upendo mkali, upendo wenye ugumu. Mtakatifu Sundarar, ambaye orodha yake ya majina ya waja ndiyo iliyokuwa msingi wa utenzi wa Sekkizhar, huitwa "mtumishi mkali" kwa sababu wimbo wake wa kwanza kwa Shiva unaanza kwa kumwita mwendawazimu. Ukali huo ulianza kama tusi la mpenzi. Kwa wengine ulifika kwenye kisu.

Kwa maoni yangu, hadithi inayoueleza vannanpu vizuri kuliko zote si ya Siruthondar, ni ya Kannappar, na laiti ungeanza na hiyo. Huyu alikuwa kijana mwindaji aliyeitwa Tinnan. Katika mawindo yake ya kwanza alimfukuza nguruwe mwitu mpaka chini ya mlima wa Kalahasti, ambao leo uko jimbo la Andhra Pradesh, akapanda, akaikuta linga, ile nguzo fupi ya jiwe inayomwakilisha Shiva. Mara akashikwa na mapenzi ambayo hakuyajua. Akaona Mungu yuko peke yake kileleni, hana mlinzi, hana chakula. Akachoma nyama, akaionja kipande kwa kipande ili ampe iliyo tamu. Na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na upinde na wa pili nyama, maji akayachukua mdomoni, maua akayachomeka nywelani. Alipofika akayafagia majani juu ya linga kwa kiatu chake, akaiogesha kwa kuitemea maji, akaiwekea nyama aliyokwisha kuitafuna. Usiku akasimama na upinde akilinda.

Kuhani wa tabaka la Kibrahmini alipopanda asubuhi na kukuta mifupa juu ya madhabahu, alilia, akaosha, akafanya ibada yake kwa taratibu zote. Mambo yakaendelea hivyo siku kadhaa, mmoja akichafua, mwingine akisafisha. Ndipo Shiva akamwambia kuhani ndotoni kwamba mwili mzima wa mwindaji yule ni upendo, na kwamba maji ya mdomoni mwake ni matakatifu kwake kuliko mto Ganga, ajifiche aone. Siku ya sita, kuhani akiwa mafichoni, jicho la kulia la linga likaanza kutoka damu. Tinnan akatafuta adui msituni, hakumwona. Akatafuta dawa za miti, hazikufaa. Akakumbuka msemo wa wawindaji kwamba nyama huponywa kwa nyama, akalitoa jicho lake kwa mshale na kulibandika. Damu ikakoma, akacheza kwa furaha. Mara jicho la kushoto nalo likaanza. Sasa dawa anaijua, lakini akilitoa jicho la pili hataona mahali pa kuliweka. Akaweka mguu wake juu ya jicho la Mungu iwe alama, akapeleka mshale kwenye jicho lake lililobaki. Mkono wa Shiva ukatoka ndani ya jiwe ukamshika, na sauti ikasema mara tatu: "Simama, Kannappa!" Kan ni jicho, na ndilo jina alilobaki nalo.

Angalia ule mguu. Kumkanyaga Mungu usoni ni kufuru isiyo na mfano kwa Mhindu wa dhehebu lolote, na hapa ndiyo kilele cha ibada. Shivanandalahari, wimbo wa Kisanskriti ambao mapokeo yanaunasibisha na mwanafalsafa Shankara, unashangaa katika ubeti wa 63 kwamba kiatu kilichochakaa kwa kutembea njiani kimekuwa brashi ya kumsafishia Mungu, maji ya mdomoni yamekuwa maji ya kumwogeshea, masazo ya nyama yamekuwa chakula chake kipya. Bhakti haiwezi nini, ikiwa imemfanya mtu wa msituni kuwa taji la waja? Bhakti ni lile neno la Kihindu la ibada inayotoka moyoni, ya mapenzi zaidi kuliko sheria. Hoja ya waandishi hawa ni kwamba sheria hupima, na mapenzi yakifika mwisho hayapimi, na wanajua kuwa yasiyopimika huweza kutisha.

Mpaka hapa anayeumia ni mja mwenyewe au kilicho kipande cha moyo wake. Kuna hadithi ambamo anaumizwa mwingine, na hapo mambo yanakuwa mazito. Chandesvara alikuwa mtoto wa Kibrahmini aliyejitolea kuchunga ng'ombe wa kijiji baada ya kumwona mchungaji akimpiga ng'ombe mmoja. Ng'ombe wakampenda, maziwa yakawa yanatiririka yenyewe, naye akajenga linga ya mchanga chini ya mti akawa anaimiminia hayo maziwa. Wenye ng'ombe wakalalamika. Baba yake akajificha juu ya mti kumvizia, akashuka na kumpiga fimbo mgongoni. Mtoto, akiwa amezama katika ibada, hakusikia. Baba akaupiga teke mtungi wa maziwa. Hapo mtoto akaokota fimbo iliyokuwa karibu, ikageuka shoka mkononi mwake, akaikata miguu ya baba yake, akaendelea kumimina. Shiva akatokea akamwambia: umemkata baba aliyekuzaa kwa ajili yangu, tangu sasa baba yako ni mimi. Tena baba naye akasafishwa dhambi akaenda kwa Shiva. Utaona kejeli iliyomo: mtoto aliyeanza kwa kutovumilia ng'ombe kupigwa ndiye anayemkata mzazi.

Na yuko Kotpuli, jemadari aliyeweka akiba ya mpunga kwa ajili ya hekalu. Alipokuwa vitani njaa ikaingia, jamaa zake wakaula. Aliporudi akawaua wote, baba, mama, ndugu, wake, na alipobaki mtoto mchanga, mlinzi akamwombea kwamba huyu hakula mpunga. Kotpuli akajibu kwamba amenyonya maziwa ya aliyeula, akamkata vipande viwili. Shiva akasema jamaa wote wametakaswa na wako kwake. Nimefundisha kitabu hiki miaka mingi, na hadithi hii sijaizoea. Ule mwisho wa heri mimi haunitoshi.

Lakini ndani ya kitabu hicho hicho yumo Meypporul, mfalme aliyeheshimu kila aliyejipaka majivu ya Shiva. Adui yake akajipaka majivu, akaingia chumbani akidai ameleta andiko takatifu, akamchoma kisu. Mlinzi, aliyeitwa Tatta, alipotaka kumkata mwuaji, mfalme anayekata roho akamzuia kwa maneno mawili: "Tatta, wetu." Akaagiza mtu huyo asindikizwe salama mpaka nje ya mji. Uaminifu ule ule uliomfanya mtakatifu mmoja aue unamfanya mwingine akubali kuuawa na asilipize. Kwa hiyo anayesema kitabu kinafundisha ukatili amesoma nusu yake, na anayesema ni mafumbo matupu ya upole naye amesoma nusu nyingine.

Pana kona moja ambayo siwezi kuipita kimya, Mwalimu, kwa sababu inahusu damu ya watu wa dini nyingine. Periya Puranam inasimulia kwamba baada ya mtakatifu Sambandar kuwashinda Wajaini katika mashindano mjini Madurai, Wajaini 8,000 walitundikwa kwenye vijiti vilivyochongwa. Wanahistoria wengi wanatilia shaka kwamba jambo hilo lilitokea, kwa kuwa nyimbo za Sambandar mwenyewe, ingawa zinawashambulia Wajaini kwa maneno makali, haziyasimulii mauaji hayo. Hata hivyo hadithi ambayo haikutokea inaweza kupendwa na watu, na hii ilipendwa, ikachorwa kwenye kuta. Hapa siuoni tena upendo mkali wa Kannappar. Naona uhasama wa madhehebu uliovikwa nguo za bhakti.

Nje ya Kitamil jambo hili lina mizizi na matawi. Dhabihu ya kale ya Veda, maandiko ya Kihindu ya zamani kuliko yote, ilikuwa na uchinjaji, na Mahabharata, utenzi mkubwa wa vita, inaichukua lugha hiyo na kuiweka vitani: kabla ya vita shujaa Karna anamwambia Krishna kwamba hii itakuwa dhabihu ya silaha, Krishna akiwa kuhani wake mmoja na shujaa Arjuna mwingine. Devi Mahatmya, maandiko makuu ya Mungu wa kike, yanamalizika kwa mfalme Suratha na mfanyabiashara Samadhi wakimwabudu kando ya mto kwa miaka mitatu, wakitoa sadaka zilizonyunyizwa damu ya miili yao wenyewe. Bhagavad Gita, mazungumzo ya Krishna na Arjuna ambayo wengi huyataja kwanza katika mjadala huu, naiweka mbali kidogo. Arjuna anaambiwa apigane kwa kuwa ni wajibu wake, bila chuki wala tamaa ya matunda ya tendo lake, na katika sura ya 11 anaambiwa awe chombo tu, kwa maana Mungu amekwisha kuwaua hao walio mbele yake. Huo ni utulivu wa mtu asiyejihusisha na tendo lake. Kannappar hana utulivu wowote.

Tawi la ajabu kuliko yote limo katika Bhagavata Purana, kitabu cha wafuasi wa Krishna, na pengine majirani zako wanalijua. Katika kitabu cha saba, mfalme Yudhishthira anauliza inakuwaje Shishupala, aliyemtukana Krishna maisha yake yote, alipouawa naye akaungana naye. Mjuzi Narada anamjibu kwa mfano wa nyigu, yule anayejenga vyumba vya udongo ukutani na kumfungia funza ndani: funza, kwa hofu na kwa kumwaza nyigu saa zote, mwisho hugeuka nyigu. Wachungaji wa kike wa Vrindavan walimfikia Krishna kwa mapenzi, mfalme Kamsa kwa hofu, Shishupala kwa chuki. Muhimu ni akili isibanduke kwa Mungu. Wahindu wameliita jambo hili bhakti ya uadui, na hapa mkono unaotoa uhai ni wa Mungu mwenyewe, na kuuawa naye ni rehema.

Huenda utauliza kama Wahindu wanayafuata haya. Hakuna anayechinja mwana kwa sababu ya Siruthondar. Mapokeo yenyewe huyasimulia matendo hayo kama ya watu ambao hawakubakiwa na nafsi, na asiyefikia hali hiyo hana ruhusa ya kuyaiga. Kilichobaki katika mwili ni vitu kama sikukuu ya Thaipusam, ambapo Watamil, pamoja na wale wa Malaysia wanaopanda ngazi za Batu Caves, hujichoma sindano na ndoano mashavuni na mgongoni kutimiza nadhiri kwa Murugan. Wamo pia Watamil waliozikataa hadithi hizi waziwazi: vuguvugu la Kujiheshimu lililoanzishwa 1925 na E. V. Ramasamy, aliyejulikana zaidi kama Periyar, lilizikejeli Purana hadharani, na hoja ya baba na mchuzi haikuwa ngumu kuitumia.

Ukienda Gangaikondacholapuram, hekalu la Rajendra wa Kwanza wa karne ya 11, utamkuta Chandesvara kwenye jiwe: Shiva ameketi na Parvati, na yule mtoto amepiga magoti mbele yake viganja vikiwa vimeunganishwa, huku Mungu akimzungushia shada la maua kichwani kwa utaratibu wa baba anayemvisha mwanawe. Katika maandishi ya mawe ya Wachola, ardhi ya hekalu ilinunuliwa na kuuzwa kwa jina lake, kana kwamba mtoto aliyemkata baba kwa sababu ya maziwa yaliyomwagika ndiye aliyefaa kuaminiwa na mali ya Mungu. Mpaka leo ana kibanda chake upande wa kaskazini wa hekalu la Shiva. Waumini wanaomaliza ibada husimama hapo kabla ya kutoka, wanampigia makofi taratibu, kisha wanamfungulia viganja aone kwamba hawaondoki na kitu.